Jatrofa Haikufunga Mjadala: Mafuta ya Mukinduri na Injini ya Dizeli



Kila ninapotaja mafuta ya mimea mbele ya wataalamu, napewa jibu lile lile: tulijaribu jatrofa, ikatuangusha, tuachane na habari hizo. Wanaolitoa ni watu ninaowaheshimu. Hata hivyo leo nalipinga kwa nguvu zote, kwa sababu limetuzuia kuuliza swali lililo mlangoni petu: mbegu za mti wa mukinduri zinazooza kwenye mipaka ya mashamba ya Imenti na Runyenjes zinaweza kuendesha nini?

Historia sitaikalia. Mnajua kwamba kwenye Maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya dizeli ya kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika.

Jatrofa iliingia kwetu kwa kishindo katikati ya miaka ya 2000. Mkulima aliambiwa inamea popote, haitaki maji, wadudu hawaigusi. Mwaka 2009 ikatoka ripoti ambayo nawapa wanafunzi wangu wote waisome, ile iliyoandaliwa na Endelevu Energy pamoja na taasisi za utafiti za ICRAF na KEFRI kwa niaba ya shirika la Wajerumani la GTZ. Naipenda ripoti hii kwa sababu waandishi wake hawakubaki na makaratasi ya wauza miche. Waliingia mashambani, wakawahoji wakulima karibu 300 waliokwisha kupanda, wakauliza maswali ya mtu anayejua jembe: umevuna nini, umepalilia mara ngapi, dawa ya wadudu imekugharimu kiasi gani? Majibu yalikuwa mabaya. Mavuno yalikuwa haba, wadudu walikuwepo, na gharama ilizidi mapato. Wakashauri mkulima mdogo asipande jatrofa kama zao, iwe peke yake au kati ya mazao mengine. Aipande ua tu.

Sasa tazameni wenzangu wanavyoitumia ripoti hii. Wanasoma hukumu wanaacha kesi. Kilichopimwa pale ni faida ya kichaka kinachochukua ardhi, jasho na dawa ya mkulima. Mukinduri hauombi ekari. Umesimama mpakani tayari, ulipandwa kwa kivuli, kuni na nguzo, na mbegu zake huanguka bila mtu kuzipalilia. Gharama zilizoizika jatrofa, nyingi hazipo hapa. Iliyobaki ni ya kuokota, kubangua na kukamua. Hiyo nayo si ndogo, maana ganda la mukinduri ni gumu na zito. Lakini karibu theluthi ya mbegu ni mafuta, na kwa kuwa mafuta hayo hayaliwi, hatuibii sufuria ya mtu. Pale Nanyuki kampuni ya Eco Fuels Kenya imenunua mbegu hizi kwa wakulima na kuzikamua. Nani basi anasema jambo hili lilikufa na jatrofa?

Upande wa pili wapo wenye shauku, na hao pia lazima niwazuie. Fundi wa pampu mmoja mjini Meru alinionyesha nozeli aliyoitoa kwenye pikapu ya mwenye kibanda cha chipsi. Mwenyewe alikuwa akimimina mafuta yaliyokwisha kukaanga moja kwa moja kwenye tangi. Ncha ya nozeli ilikuwa na gamba jeusi. Fundi alilikwangua kwa ukucha, halikutoka, akachukua brashi ya waya. Sababu ni mnato. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi mafuta ya mimea ni mazito karibu mara 10 kuliko dizeli. Hayanyunyiziki vizuri, hayaungui yote, na yanayobaki hupenya kwenye ringi hadi kwenye oili. Ya mukinduri yana hatari zaidi kwa sababu yamejaa asidi ya linoleiki, ambayo ikipata joto na hewa huganda kama vanishi.

Dawa zipo. Unaweza kuweka matangi mawili, ukawasha na kuzima kwa dizeli, na katikati ukatumia mafuta yaliyopashwa moto na maji ya rejeta. Au uyachanganye na methanoli na soda kali, upate bayodizeli, gliserini ikae chini. Lakini methanoli hununuliwa, na dereva wa Hilux ya miraa anayeshuka kutoka Maua akikimbizana na ndege hatakubali kuhatarisha pampu ya shinikizo kubwa ya injini ya kisasa. Simlaumu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mafuta haya yaanzie kwenye injini zisizotembea: kisiagi, pampu ya maji, injini za Lister za mwendo wa polepole, ambazo fundi wa sokoni anazifungua na kuzifunga mwenyewe. Nimeambiwa stima imefika masoko mengi na pampu za sola zinashuka bei. Ni kweli, na pale stima isipokatika sina ubishi. Lakini Septemba 2023 lita ya dizeli ilifika shilingi 200.99 Nairobi, na mwenye kisiagi anayetegemea dizeli alilipa hivyo hivyo au zaidi. Wakati huo mafuta ya mimea ya Kenya yalikuwa yameshaanza kupanda meli: Oktoba 2022 kampuni ya Eni ilisafirisha shehena ya kwanza, iliyokamuliwa Makueni, kwenda kiwanda chake cha Gela, Italia. Wataliano wameona thamani ya mbegu zetu. Inaniuma kwamba sisi bado tunajadili jatrofa.

Ombi langu kwa chuo ni hili. Tuchague visiagi vitatu vya dizeli: Siakago, Ishiara na Mikinduri. Viendeshwe nusu mwaka kwa dizeli, nusu mwaka kwa mafuta ya mukinduri yaliyochujwa na kupashwa moto, na wanaookota mbegu walipwe kwa kilo, papo hapo. Kisha tufungue vichwa vya injini mbele ya wenyewe, tupime masizi kwenye nozeli, na takwimu tuzibandike kwenye mlango wa kila kisiagi.