Mali bila Daftari: Mwaka Mmoja wa Chama cha Wanafunzi cha Mambo ya Fedha



Kila mtu aliyepata kuwa mwanachama wa chama cha akiba kijijini, au chama cha kufa na kuzikana mjini, anaijua siku moja katika mwaka iliyo nzito kuliko zote. Ni siku ile mtunza fedha anapofungua daftari lake mbele ya watu na kusoma. Mazungumzo haya ni habari ya siku hiyo, kama inavyowafikia vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza katika vyama vyao vya mambo ya fedha. Mwaka uliochaguliwa ni ule ulioanza Oktoba 2008 na kwisha Juni 2009, kwa kuwa mwaka wa shida hufundisha kuliko mwaka wa neema.

Kwanza yafaa kueleza chama cha namna hii ni kitu gani. Si benki, wala si idara ya chuo. Ni wanafunzi wenyewe, wa uchumi na wa uhandisi, wa sheria na hata wa historia, wanaokutana jioni baada ya masomo ili wajifunze jinsi fedha inavyofanya kazi duniani. Huchagua mwenyekiti, mwandishi, mtunza fedha na halmashauri, na kila mwanachama hutoa ada ndogo. Vyama vingi hufanya mashindano ya kununua na kuuza hisa kwa fedha za kubuni, yaani za kwenye karatasi tu. Lakini viko vyama vyenye mfuko wa fedha halisi, iliyotoka kwa wanachama au kwa wafadhili, na kwa fedha hiyo hununua hisa za makampuni ya kweli. Hisa ni sehemu ya mali ya kampuni: kampuni ikistawi mwenye hisa hupata, ikianguka naye hupoteza.

Mwaka wa chama huanza wanafunzi wapya wanapofika chuoni. Vyama vyote hupanga meza ukumbini na kuwaita wageni, wa mpira upande huu, wa kuimba upande ule. Katika miaka ya kawaida meza ya chama cha fedha huvuta wengi, maana wakati huo benki kubwa za London hutuma watu vyuoni kutafuta vijana wa kuajiri. Walakini mwaka 2008 mambo yalikuwa mengine. Jumatatu tarehe 15 Septemba, benki ya Marekani iitwayo Lehman Brothers, yenye ofisi kubwa London, ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake, na wafanyakazi walionekana wakitoka mlangoni na vitu vyao katika maboksi. Tarehe 13 Oktoba, Serikali ya Uingereza ilitangaza kutoa pauni 37,000,000,000 kuziokoa benki tatu kubwa zisianguke. Kijana aliyelipa ada yake juma lile alikuwa anajiunga na chama cha mabaharia siku ya tufani.

Baada ya kuandikishwa, kazi huanza. Wanachama hugawanyika katika makundi: kundi moja huchunguza mabenki, jingine makampuni ya mafuta, jingine maduka makubwa. Husoma hesabu za mwaka za kampuni, wakatafuta ina mali kiasi gani, inadaiwa kiasi gani, na faida yake inatoka wapi. Kisha kundi husimama mbele ya mkutano na kusema kwa nini hisa zile zinunuliwe, kwa bei gani, na ni jambo gani likitokea litaonyesha kwamba wamekosea. Wengine huwauliza maswali bila huruma. Hatimaye kura hupigwa, na mwandishi huandika neno lililokubaliwa pamoja na sababu zake. Sababu hizo ni hazina, maana mtu hukumbuka kwa urahisi kwamba alinunua, lakini husahau upesi kwa nini alinunua.

Tarehe 5 Novemba 2008, Malkia Elizabeth wa Pili alifika katika chuo cha London School of Economics kufungua jengo jipya. Alipoelezwa habari ya msiba ule wa fedha, aliuliza kwa nini hakuna aliyeuona ukija. Swali lilikuwa jepesi kama la mtoto, na lilikuwa zito kwa wataalamu. Ilipofika Julai 2009 ndipo wataalamu kadhaa walipompelekea barua ya majibu, wakikiri kwamba watu wengi wenye akili walitazama kila mmoja sehemu yake, wasiyaone mambo yote kwa pamoja. Hilo ndilo swali ambalo kila mwanachama anapaswa kuliuliza katika chama chake mwenyewe.

Katika Januari mtunza fedha huzikusanya hesabu za mwaka uliopita. Chukueni mfano wa mfuko wa pauni 1,000 uliogawanywa katika hisa za makampuni 100 makubwa ya soko la London. Katika mwaka 2008 bei za hisa hizo, zikichukuliwa pamoja, zilishuka kwa asilimia 31. Basi pauni 1,000 zilibaki kama 687. Hapo vijana wengi hukosea hesabu, wakidhani kwamba zikipanda tena asilimia 31 mfuko utajaa. Sivyo. Pauni 687 zahitaji kupanda karibu asilimia 46 ndipo zifike 1,000. Katika mwaka 2009 zilipanda asilimia 22, na mfuko ungefika kama pauni 838 tu. Kushuka ni kwepesi, kupanda ni kazi.

Wakati wa hasara majaribu huja. Mmoja husema, “Tuuze zote leo.” Mwingine husema, “Tucheze kamari moja kubwa turudishe fedha yetu.” Lakini jaribu baya kuliko yote humjia mtunza fedha akiwa peke yake chumbani usiku. Aweza kuandika hisa kwa bei iliyonunuliwa badala ya bei ya leo, na daftari likaonyesha pauni 1,000 ambazo hazipo. Hajaiba hata senti moja; amewaficha tu wenzake ukweli, akitumaini kwamba bei zitapanda kabla ya mtu kuuliza.

Mkutano mkuu hufanyika karibu na Machi, ili viongozi wapya wachaguliwe kabla ya mitihani. Mwaka 2009, mwezi huo huo, tarehe 5, Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba yake hadi nusu ya asilimia moja, kiasi ambacho hakikupata kuonekana tangu benki hiyo ianzishwe mwaka 1694. Katika mkutano wa namna hiyo mtunza fedha husimama na kusema, “Mwaka jana mlitukabidhi kiasi hiki. Leo kimebaki hiki.” Ukumbi hunyamaza. Kisha huonyesha kila hisa, siku iliyonunuliwa, kura iliyopigwa, sababu zilizotolewa, na bei ya leo. Wanachama wakitazama huona majina yao wenyewe katika kura zile. Fedha iliyopotea kwa bei kushuka na fedha iliyopotea kwa mkono wa mtu ni mambo mawili, lakini pasipo daftari hakuna awezaye kuyatofautisha. Hasara iliyoandikwa huwa somo. Hasara isiyoandikwa huwa shaka, na shaka huvunja chama.

Tufani ile ilifika hata Nairobi. Hisa za Safaricom zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 zilikuwa zimeshuka chini ya bei hiyo kabla mwaka haujaisha. Wako watu waliokopa ili wazinunue, na deni halikushuka pamoja na bei. Aliyekuwa ameandika kwa nini amenunua, na kwamba fedha ile haihitaji kwa miaka kadhaa, aliweza kungoja. Aliyenunua kwa kuwa jirani amenunua hakujua afanye nini.

Ifikapo Juni viongozi wa zamani humaliza masomo na kuondoka. Hupeleka sahihi mpya benki, ambako kwa kawaida sahihi mbili hutakiwa, isiwe ya mtu mmoja, nao huwakabidhi wenzao daftari. Mfuko ule hubaki kuwa mali ya watu ambao wengine bado hawajafika chuoni. Hao hawawezi kuhudhuria mkutano wala kuuliza swali. Daftari lazima liulize kwa niaba yao. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wale wa mwaka 2009 walipoteza mali kwa sababu ya tufani ya dunia nzima, lakini waliotunza daftari walikuwa na habari, na kwa habari hiyo waliofuata waliweza kuanza tena Oktoba.