Dawa ya Usingizi na Ulinzi wa Muuguzi

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo watu wengi hawaioni, kwa kuwa hutendeka nyuma ya mlango uliofungwa: yaani kazi ya muuguzi amlindaye mgonjwa aliyekwisha pasuliwa, wakati dawa ya usingizi ingali mwilini mwake.

Zamani mtu aliyepasuliwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, naye akayasikia maumivu yote. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na daktari akamkata uvimbe wa shingo. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu. Watu walifurahi mno. Lakini mwezi wa Januari 1848, huko Uingereza, Hannah Greener, msichana wa miaka 15, alikufa alipovutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu. Ndipo watu walipotambua ya kuwa dawa iondoayo maumivu yaweza kuondoa na uhai pia, ikikosa mlinzi.

Wahenga walisema, Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kumlaza mgonjwa ni kupanda. Kumwamsha salama ni kushuka. Kidonda kikiisha kushonwa, jamaa walioko nje hushukuru wakidhani mambo yamekwisha. Sivyo. Ulimi wa mtu aliyelewa dawa hulegea, ukarudi nyuma na kuziba koo. Matapishi nayo yaweza kuingia mapafuni. Kwa hiyo muuguzi humlaza mgonjwa kwa ubavu, humwinua kidevu, na kukitazama kifua chake. Huhesabu pumzi kwa saa, dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika; zikishuka chini ya 8, muuguzi hangoji: humwamsha, humpa oksijeni, na kumwita daktari. Wala hadanganywi na mkoromo. Jamaa ausikiapo husema, "Amelala vizuri". Muuguzi husikia koo lililozibwa nusu.

Mgonjwa azindukapo, maumivu nayo huja. Dawa yake ni morfini, lakini dawa hiyo hiyo itulizayo maumivu hupunguza pumzi. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Tuseme chupa ndogo ina miligramu 10 za morfini katika mililita 1. Muuguzi huichanganya na mililita 9 za maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa sindano, hata kila mililita iwe na miligramu 1 tu. Kwa amri ya daktari, hutia kidogo mshipani, akangoja kama dakika 5, akamwuliza mgonjwa hali yake, akahesabu pumzi, ndipo aongeze. Enyi wanafunzi mnaouliza hesabu za desimali zafaa nini, jibu ndilo hili: nukta moja ikiwekwa pasipo mahali pake, mgonjwa hupewa mara 10 ya kipimo chake.

Iko dawa ya kuzuia nguvu ya morfini, nayo huitwa naloksoni. Ikitiwa mshipani, baada ya dakika moja au mbili mgonjwa hufumbua macho na kunena. Asiyejua hufurahi akaenda zake. Muuguzi stadi huvuta kiti akakaa. Kwa nini? Kwa sababu naloksoni hudumu nusu saa, au saa moja na nusu, lakini morfini hudumu saa tatu, nne, au zaidi. Mlinzi akiondoka kabla ya mwizi, nyumba haijasalimika. Mgonjwa aliyezungumza na mkewe saa saba, aweza kukoma kupumua saa nane.

Basi muuguzi hujuaje ya kuwa mtu huyu sasa aweza kutolewa katika chumba cha ulinzi? Mwaka 1970 daktari Aldrete na mwenzake walieleza kipimo chepesi cha mambo matano: kusogeza viungo, kupumua, mwendo wa damu, fahamu, na rangi ya mwili. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2. Jumla ni 10, na apataye 9 huweza kutoka. Baadaye mahali pa rangi pakawekwa kipimo cha oksijeni katika damu, kinachosomwa kwa chombo kibanwacho kidoleni.

Nasi tulio jamaa tuna sehemu yetu. Kabla ya kupasuliwa tuseme kweli juu ya chakula kilicholiwa na dawa zilizonywewa, hata za miti shamba, kwa maana tumbo lililojaa ni hatari kwa aliyelala. Baadaye tusimnyweshe mgonjwa maji kwa siri kwa kumhurumia, wala tusimkasirikie muuguzi amwitaye kwa jina kila mara na kumtikisa. Si kwamba anamnyima raha, anamwita arudi. Na mgonjwa akirudi nyumbani, asipande baiskeli wala asifanye mapatano ya mali kabla ya siku nzima kupita.

Twawasifu wapasuaji, na ndivyo ipasavyo. Lakini tukumbuke na yule aliyekaa kando ya kitanda, saa mkononi, akihesabu pumzi za mtu asiyeweza kujihesabia.