Mpeni Hatamu: Mkokoteni wa Punda na Wenzetu Wenye Ulemavu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Njoro, Bahati, Subukia na Gilgil)



Leo tutazungumza juu ya punda na mkokoteni. Najua wengine wenu mnasema moyoni, "Sisi tumekua na punda, huyu atatufundisha nini?" Subirini kidogo. Swali langu ni moja tu: katika kikundi chenu, hatamu inashikwa na nani?

Vikundi vingi nilivyotembelea vyenye mkokoteni, hatamu imeshikwa na kijana mwenye miguu miwili mizima. Mwenzetu aliyepooza kwa polio, au aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki, yuko kwenye rejista na analipa mchango wake kila mwezi. Lakini kazi yake ni kungoja. Siku ya kugawana anapewa kitu, na wanaompa wanasema ni kwa kumhurumia. Tena tunakaa karibu na kambi za jeshi, Gilgil na Lanet, na wako kati yetu wanajeshi waliostaafu. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na si wote waliorudi na viungo vyao vyote. Wengine, raia wa kawaida kabisa, waliumizwa katika ghasia za mapema 2008 hapa Nakuru na Naivasha. Mtu aliyekuwa akiamrisha wenzake sasa anakaa mlangoni akingoja kuletewa chai.

Sasa sikilizeni. Kuendesha punda hakutaki miguu. Kunataka mikono, sauti na akili iliyotulia. Miguu ni ya punda.

Wenzetu wa nchi nyingine waliliona jambo hili zamani, wao wakitumia farasi. Kulikuwa na mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel, aliyepata polio mwaka 1944 na miguu yake ikapooza kuanzia magotini kwenda chini. Alikuwa akisaidiwa kupanda farasi. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishindana na wanaume wenye afya zao akapata medali ya fedha. Mwaka 1956 akaipata tena. Yeye alipanda mgongoni. Baadaye, kule Uingereza, watu wakawaza: na yule asiyeweza kukaa mgongoni? Wakamtengenezea kigari. Mwaka 2014 mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu wanaoendesha vigari vya farasi yalifanyika Sandringham, kwenye shamba la familia ya kifalme ya Uingereza. Huko Marekani na kwingineko, askari waliojeruhiwa vitani wanafundishwa kazi hiyo hiyo.

Mashindano yao si kama mbio za punda za Lamu, ambazo vijana wanapanda na kukimbia ufukweni watu wakishangilia. Mbio ni nzuri, sizikatai, lakini hapa kinachopimwa ni kitu kingine. Kuna sehemu tatu. Ya kwanza, mwendeshaji anaonyesha kwamba mnyama anamsikia: tembea, simama, geuka, rudi nyuma. Ya pili ni safari ndefu yenye vizuizi njiani. Ya tatu ndiyo naipenda mimi. Vinapangwa vigingi viwili viwili, kila kimoja kina mpira juu yake, na kigari kinapita katikati. Nafasi ni ya magurudumu na kidogo tu zaidi. Mpira ukianguka, unapoteza alama. Hapo haulizwi mtu ana miguu mingapi.

Je, tunaweza kutengeneza mkokoteni wa namna hiyo hapa kwetu? Ndiyo, na fundi wa juakali anayechomelea mageti anaweza kuifanya kazi hiyo. Ila lazima mumsimamie, maana yeye anajua chuma, hajui ulemavu wa mwenzenu.

Nyuma ya mkokoteni pawe na ubao wa kupandia kiti cha magurudumu. Uwe mrefu. Ubao mfupi ni mlima, na mkiona watu watatu wanasukuma, jueni fundi amebania mbao. Kiti kikishaingia kifungwe kwenye sakafu ya mkokoteni, mbele na nyuma, kwa mkanda au fundo ambalo msaidizi anaweza kulifungua kwa kuvuta mara moja. Mwendeshaji mwenyewe msimfunge kamwe kwa kamba ya mafundo magumu. Mkokoteni ukipinduka, atabaki chini yake.

Mahali pa kuweka kiti ni muhimu kuliko rangi mtakayopaka. Uzito ukiwa mbele sana, ile miti miwili inayomshika punda inamkandamiza mgongo. Ukiwa nyuma sana, miti inainuka na mkanda wa tumbo unamkaba. Uzito ukae juu ya ekseli. Wekeni mtu kwenye kiti, kisha mmoja ainue miti kwa mkono: ikiwa myepesi bila kuruka juu, mmepata.

Breki msiiache. Nyie wa Subukia mnaujua ule mteremko. Mkokoteni bila breki unamsukuma punda kwa nyuma, na mwenye miguu huruka chini akauzuia. Huyu wetu hawezi kuruka. Basi breki iwe ya mkono, karibu naye, na punda awe na mkanda mpana unaozunguka mapaja yake nyuma ili aweze kuuzuia mzigo.

Hatamu nazo zinarekebishwa. Kwa mwenye vidole dhaifu, shoneni vitanzi kwenye hatamu apitishe mkono. Mwenye mkono mmoja, unganisheni hatamu zote mbili kwenye kijiti kimoja, akikielekeza kulia punda anaenda kulia. Asiyeona pia anaweza, msaidizi akikaa kando yake akimwambia, "kulia kidogo, sasa nyoosha." Na wakati wa kujifunza, huyo msaidizi awe na hatamu zake za pili, asizivute ila kukiwa na hatari. Hili la mwisho ni gumu kwetu. Tumezoea kumsaidia mlemavu mpaka tunamnyang'anya kazi.

Mama mmoja aliniuliza, "Na nani atampandishia mitungi?" Ni swali la haki. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na mtu wa kiti hawezi kuuinua. Lakini hata kijana mzima pale kwenye bomba mara nyingi anasaidiwa kupakia. Waunganisheni watu wawili: mmoja anaendesha na kushika pesa, mwingine anapakia na kupakua. Mgao wao uandikwe kwenye kitabu kabla ya safari ya kwanza, si baada ya ugomvi wa kwanza.

Juu ya punda mwenyewe: sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya, ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Katikati hapo yalifunguliwa machinjio ya punda, la Naivasha na la Mogotio yakiwemo, ngozi zikienda China, na wizi ukaenea. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikabatilisha amri hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuipiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote. Msilale mkidhani wezi wamesikia. Punda wa mtu mwenye ulemavu akiibiwa, zimeibiwa pesa na miguu pamoja. Alale kwenye boma lenye kufuli.

Sasa pendekezo langu. Tarehe 8 Mei ni Siku ya Punda Duniani. Vikundi vinne vikichangia uwanja mmoja, tunaweza kufanya mashindano yetu. Hatuna vigingi, lakini makopo ya rangi yako, na juu ya kopo tunaweka gunzi la mahindi. Likianguka, alama zinapunguzwa. Wenye ulemavu na wasio na ulemavu waendeshe njia ile ile. Waamuzi wamkague kila punda kwanza, na mwenye kidonda chini ya mkanda asiingie uwanjani. Anayepiga punda atolewe, hata kama ni mwenyekiti.

Kuhusu gharama, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko wa vifaa na wa kusaidia vikundi. Kikundi kiwe kimesajiliwa, na mwenzenu naye awe amesajiliwa na Baraza. Bila hivyo mtarudishwa mlangoni.

Kabla ya kwenda kwa fundi, chukueni futi mpime kiti cha magurudumu: upana wake, urefu wake, na umbali kati ya gurudumu na gurudumu. Mpimeni mwenyewe akiwa amekaa ndani yake, kwa sababu magoti hutokeza mbele. Andikeni, kisha mwende naye kwa fundi. Yeye ndiye aongee.