Futari ya Ndhiwa kwa Saa ya Nairobi

Ukiandika kwenye Google "saa ya kufuturu", usikimbilie jibu la kwanza. Lenye alama ya tangazo limelipiwa. Yaliyobaki hayalipiwi: mtambo huyapanga kwa kulinganisha maneno ya ukurasa na yale uliyoandika, na kwa kuangalia kurasa gani nyingine zinauelekeza.

Sasa jamani, ukitangulia ukurasa wa Nairobi na wewe uko Ndhiwa, utafuturu kama dakika 10 kabla jua halijazama. Saumu iko wapi hapo?

Basi vijana wenye tovuti, andikeni "Ndhiwa" kwenye kichwa cha ukurasa, na wenzenu wa Homa Bay na Migori wauelekeze. Anayetaka pesa eti awapandishe juu, mwambieni Google haiuzi nafasi hiyo.