Sifuri Ndani ya Kopo: Kani ya Chaji na Namna Tulivyoijua



Aliyepita darasa la fizikia huikumbuka kanuni ya Coulomb hata kama mengine yamemtoka: kani kati ya chaji mbili hulingana na zao la chaji hizo, na hupungua kwa mraba wa umbali ulio kati yao. Umbali ukiwa mara mbili, kani hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki moja ya tisa. Mwanafunzi huikariri, huweka namba, hupata jibu, huenda swali linalofuata. Jioni hii naomba tusimame kwenye ile 2 iliyokaa juu ya umbali, yaani kipeo chake. Nani alituhakikishia kuwa ni 2, wala si 1.9 au 2.1? Ninavyoona mimi, ushahidi tuliozoea kuutaja darasani ndio dhaifu kuliko mwingine, na ulio imara unatokana na jaribio ambalo likifanikiwa hakuna kinachotikisika.

Kwanza tuione kani yenyewe. Pitisha kitana cha plastiki kwenye nywele kavu, kisha kisogeze juu ya vipande vidogo vya karatasi. Vinaruka na kunasa. Endelea kutazama: baada ya muda kipande kimoja, halafu kingine, hurushwa mbali kama kimefukuzwa. Karatasi haikuwa na chaji ya ziada, kwa kuwa chanya na hasi zake zililingana. Ilivutwa kwa nini? Tuseme kitana kina chaji hasi. Elektroni za karatasi husukumwa kidogo kuelekea upande wa mbali, na upande wa karibu hubaki chanya. Wa karibu unavutwa, wa mbali unasukumwa. Kama kani isingepungua kwa umbali, mvuto na msukumo vingefutana na karatasi ingelala pale pale. Kuruka kwake kumeshatuambia kuwa umbali una kauli. Na karatasi ikiisha kupokea sehemu ya chaji ya kitana, viwili hivyo vinakuwa na chaji ya aina moja, ndipo inafukuzwa.

Kani hii ina ukubwa wa kutisha. Chaji mbili za kulombi 1 kila moja, zikitenganishwa kwa mita 1, zingesukumana kwa nyutoni bilioni 9 hivi, yaani uzito wa tani laki tisa. Katika atomi ya haidrojeni, mvutano wa umeme kati ya protoni na elektroni unazidi mvutano wa graviti baina yao kwa namba yenye tarakimu 40. Tunaishi salama ndani ya nguvu hiyo kwa sababu chanya na hasi zimelingana. Chaji ya protoni na ya elektroni zimelinganishwa, na kama ziko tofauti kwa ukubwa, tofauti hiyo haizidi sehemu moja katika 1 yenye sifuri 21. Sijui jambo jingine katika fizikia linalonishangaza kuliko hili.

Sasa tumfikie Coulomb mwenyewe. Charles-Augustin Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa. Alisimamia ujenzi wa ngome kisiwani Martinique, akarudi mwaka 1772 afya yake imedhoofika. Mwaka 1785 aliwasilisha jaribio lake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Ndani ya silinda ya kioo alining'iniza ufito mwepesi kwa waya wa fedha, mwembamba mno, na kwenye ncha ya ufito akaweka kijipira. Kijipira cha pili alikiweka mahali pamoja bila kusogea. Akavipa chaji ya aina moja. Vikasukumana, ufito ukazunguka, waya ukasokoteka mpaka nguvu ya msokoto ikalingana na ya msukumo: digrii 36. Kisha akausokota waya kutoka juu kwa digrii 126 ili kuvilazimisha visogeleane, navyo vikasimama digrii 18. Ukijumlisha, msokoto wote ni 144, mara nne ya 36, kwa nusu ya umbali. Akausokota tena mpaka 567. Vikasimama digrii 8 na nusu. Jumla yake ni 575 na nusu, karibu kabisa na mara nne ya 144.

Vipimo vitatu, na kanuni ikatangazwa. Ni kazi ya mikono yenye ustadi mkubwa, nami naiheshimu sana. Hata hivyo Peter Heering wa Ujerumani alipounda chombo cha namna hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1992, hakuzipata namba hizo. Baadaye Alberto Martínez alizikaribia. Chombo hiki ni kigumu: mwendo wa mtu aliye karibu hukiyumbisha, na chaji huvuja hewani na kwenye vishikizo. Coulomb aliujua uvujaji huo, akaupima, akaona unavyozidi hewa ikiwa na unyevu. Walimu wa pwani, wa Tanga, Mombasa na Unguja, hawahitaji kuelezwa habari za unyevu.

Lakini kuna njia nyingine ya kuijua ile 2, tena ilianza kabla ya Coulomb. Benjamin Franklin aliona kuwa kijipira cha koki kikishushwa kwa uzi ndani ya kopo la fedha lenye chaji hakivutwi na kuta zake, ilhali nje huvutwa vizuri. Akamweleza Joseph Priestley, naye katika kitabu chake cha mwaka 1767 akaitambua maana yake, kwamba kani ya umeme nayo hupungua kwa mraba wa umbali kama graviti, kwa sababu Newton alikwishaonyesha kuwa ndani ya ganda la tufe graviti ya ganda hilo ni sifuri.

Hoja ni hii. Jiweke popote ndani ya tufe tupu la chuma lenye chaji iliyoenea sawasawa. Chora koni mbili nyembamba zinazotazama pande zinazopingana, ncha zao zikikutana pale ulipo. Upande mmoja ukuta uko mbali mara mbili kuliko wa pili, kwa hiyo koni hukata eneo kubwa mara nne, lenye chaji mara nne. Kani ya kila chaji huko imepungua hadi robo. Mara nne kwa robo ni moja: pande mbili zinafutana kabisa. Kipeo kikitofautiana na 2 hata kidogo, hazifutani, na kitu fulani kitabaki.

Henry Cavendish alikitafuta kitu hicho London, mwanzoni mwa miaka ya 1770. Aliweka tufe ndani ya tufe jingine, akaunganisha, akalipa la nje chaji, akatenganisha, akalipima la ndani. Hakukuta chaji. Kwa uwezo wa vifaa vyake akahitimisha kuwa kipeo hakitofautiani na 2 zaidi ya moja ya hamsini. Hakuchapisha! Dunia iliisoma kazi hiyo mwaka 1879, James Clerk Maxwell alipoitoa. Mwaka 1971 Williams, Faller na Hill walilirudia jaribio hilo Marekani kwa maganda ya metali yaliyowekwa moja ndani ya jingine na vifaa vya elektroniki, na hadi nafasi ya 15 ya desimali hawakuona tofauti na 2. Wamepima hivyo kwa sababu jambo hili linaigusa nuru: kama kipeo kisingekuwa 2 hasa, fotoni, yaani chembe ya nuru, ingeweza kuwa na masi, na rangi za nuru zingesafiri kwa kasi tofauti hata pasipo hewa.

Walimu wenzangu wa sekondari, jaribio la Franklin linawezekana kwenu. Chukueni kopo kubwa la maziwa ya unga, lirefu kuliko upana wake, mliweke juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa. Sugueni bomba la plastiki kwa kitambaa kikavu, mlipitishe kwenye ukingo wa kopo mara kadhaa. Ning'inizeni kijipira cha karatasi ya alumini kwa uzi wa nailoni, mkisogeze ubavuni mwa kopo, halafu mkishushe taratibu katikati, mbali na mdomo wake. Fanyeni wakati wa kiangazi, vifaa vikiwa vimekaa juani kwanza, na mwacheni mwanafunzi ashike uzi mwenyewe.