Rais akikataa kutia sahihi

Wenzangu, Juni 2024 Mswada wa Fedha uliporudishwa Bungeni bila sahihi, hosteli nzima tulishangilia eti umekufa. Kumbe bado. Soma Kifungu cha 115 cha Katiba: rais ana siku 14, ama atie sahihi ama aurudishe akieleza shida iko wapi. Wabunge wakiupitisha tena vile vile kwa thuluthi mbili, lazima asaini ndani ya siku 7. Na akinyamaza tu? Muda ukiisha, unahesabiwa umesainiwa, hata kama hakushika kalamu. (Hapa darasani watu walishtuka, mimi pia.) Kwa hivyo macho yote yalikuwa Ikulu, na kumbe neno la mwisho lilikuwa Bungeni. Mbunge wako alipiga kura gani?