Paka Mgeni Apewe Nafasi

Msikilizaji, paka mgeni anayejificha uvunguni mwa kitanda hana kiburi wala uchawi, anaogopa. Paka huitambua nyumba kwa harufu, na hapo kila harufu ni ngeni kwake. Kwa hiyo siku za mwanzo mpe chumba kimoja tulivu, maji, chakula, na beseni la mchanga mbali na chakula, kisha umwache akusogelee mwenyewe. Kumburuta nje humfundisha kukukimbia. Kuhusu chakula, wapo wanaosema paka akilishwa hatawinda panya. Lakini hamu ya kuwinda haitegemei njaa pekee, ndiyo maana hata aliyeshiba humnyatia mjusi ukutani. Mwenye njaa hudokoa mboga ya jirani, au huhama kabisa. Paka wako akifikisha miezi 3, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani paka naye huugua ugonjwa huo na huuambukiza kwa kung'ata.